Mdomo mrefu wa kliniki: samaki aliyegoma kula siku 11

"Fundi, ile samaki yako inakufa."

Ndivyo dokta alivyonipigia, saa nne usiku, mi niko Likasi kwa kazi nyingine. Nikamjibu dokta, kwanza ile samaki ni yako si yangu, pili nilikuomba uniambie siku mzigo unapofika ili niwepo. Akanyamaza kidogo alafu akasema mzigo umefika mapema, angefanya nini. Na kweli, angefanya nini.

Nieleze kidogo tuko wapi. Ni kliniki ya meno hapa Lubumbashi, sitaji jina, pale mapokezi kuna tanki la lita 450 la maji ya chumvi ambalo nimelitunza mwaka mmoja na zaidi. Ndani kuna nemo wawili na samaki kangaja mmoja mweusi mwenye mistari, na watoto wanaokuja kung'olewa meno wanasahau kulia wakiwaangalia. Mi mwenyewe nimekulia kwenye samaki wa Tanganyika, frontosa na tropheus wale wa upande wa Moba na Kalemie, maji ya chumvi nimejifunza baadaye na kwa kuua, nisidanganye mtu.

Dokta alikuwa anataka Chelmon, yule samaki-kipepeo mwenye mistari ya rangi ya shaba, kaona picha zake. Nikakataa. Yule hapatikani bahari ya kwetu upande huu wa Afrika, anatoka Asia ya Kusini Mashariki mpaka Australia, maana yake mpaka afike hapa kashapanda ndege ngapi, na sifa yake kubwa ni kufa na njaa chakula kikiwa mbele ya macho. Tukakubaliana kwa Forcipiger flavissimus, kipepeo wa manjano mwenye mdomo kama pinsi, kile kikoleo cha dokta, uso nusu mweusi nusu mweupe, na doa jeusi nyuma karibu na mkia la kudanganya adui kwamba jicho liko huku. Huyo anapatikana pwani ya Kenya, watu wa pwani vipepeo wa namna hii wanawaita kitatange. Ni mgumu lakini si mgumu kama Chelmon, na safari ni fupi. Fupi kwa karatasi.

Safari yenyewe ikachukua masaa 38. Pwani, Nairobi, kisha uwanja wa ndege wa Luano hapa Lubumbashi, alafu makaratasi ya afya ya wanyama yakakaa kwenye meza ya mtu fulani mpaka jioni. Sasa hapa kuna hesabu ambayo watu wengi wanaikosea: samaki wa kusafirishwa hapewi chakula siku moja mbili kabla ya kufungwa, ili asichafue maji ya mfuko. Kwahiyo dokta aliponiambia "hajala tangu jana", kwa kichwa changu nilikuwa nahesabu siku nne. Na samaki wa aina hii hana mafuta ya kumbeba, ni mwembamba kama sahani.

Kosa la kwanza lilitokea usiku huohuo kwa nia njema kabisa. Dokta alikuwa kasoma kwamba samaki wa bahari azoeshwe polepole kwa kudondoshewa maji ya tanki kidogokidogo na kimpira. Akafungua mfuko, akamwaga kwenye ndoo, akaweka kimpira, akaacha saa moja na nusu. Ushauri huo si mbaya kama samaki katoka duka la mtaa wa pili. Kwa samaki aliyekaa mfukoni masaa 38 ni sumu, na ningependa nieleze vizuri kwasababu hapa ndo wengi tunawaulia.

Mle kwenye mfuko samaki anapumua, anatoa kaboni dayoksaidi, haina pa kwenda, maji yanakuwa na asidi, pH inashuka mpaka 7 au chini yake. Wakati huohuo anatoa amonia. Lakini kwa pH ya chini hiyo amonia karibu yote iko kwenye sura isiyo na makali, samaki anaishi nayo. Ukifungua mfuko tu, gesi inatoka, pH inapanda yenyewe, tena ukidondoshea maji ya tanki ya 8.2 ndo unaisukuma zaidi, na ile amonia iliyokuwa imelala inageuka ile inayochoma mashavu, zaidi ya mara kumi ya ilivyokuwa. Yaani samaki kavumilia safari yote akaja kuchomwa kwenye ndoo, sebuleni, mtu akimwangalia kwa huruma.

Tunavyofanya ni hivi. Mfuko unaelea umefungwa dakika 15 au 20 hivi, joto lilingane. Unafungua, unapima chumvi haraka na rifraktomita, tanki la karantini lishakuwa limeandaliwa kwenye chumvi hiyohiyo, samaki anatolewa kwa mkono au kibakuli anaingia, maji ya mfuko yanamwagwa nje. Chumvi unaipandisha baadaye kwa siku kadhaa. Huyu alikuja kwenye kipimo cha chumvi 1.020 na dokta akampeleka moja kwa moja 1.025, na kupanda ghafla ni kubaya kwa samaki kuliko kushuka.

Nilirudi siku ya pili mchana. Samaki kasimama kwenye kona, mapezi kayafunga, anapumua kwa nguvu. Nikahesabu mashavu: 130 kwa dakika. Na pale ubavuni mwa tanki nikaona kichupa cha dawa ya shaba.

"Dokta, umeweka hii?"

"Nimeweka kidogo, ya kuzuia. Si vile vidoadoa vyeupe vinawauaga?"

Umepima? Hajapima. Basi. Shaba ni dawa nzuri ya Cryptocaryon, ile ndwele ya vidoa vyeupe, na kuna watu wazoefu kuliko mimi wanaiweka kwa kila samaki mgeni, siwabishii. Ila shaba inakata hamu ya kula hata kwa samaki mzima. Huyu alikuwa hajala siku tano, mashavu yamechomwa, hana kidoa hata kimoja mwilini. Nilibadilisha nusu ya maji, nikaweka kaboni, yale makaa ya kunyonya dawa, kesho yake nikabadilisha tena, na tukakubaliana tutamwangalia kila siku kwa tochi pembeni, kidoa kikitokea tunarudisha shaba siku hiyohiyo, kwa kipimo.

Kuna kitu kingine cha hapa kwetu ambacho ukisoma maelezo ya watu wa pwani hutakikuta. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na maji yakiguswa na hewa nyepesi yanashika oksijeni kidogo, karibu asilimia 13 pungufu ya pwani. Chumvi nayo inapunguza. Samaki mzima anajizoesha, hata hagundui. Samaki mwenye mashavu yaliyochomwa ni kama mtu wa pumu unampandisha ngazi. Kwahiyo kabla ya kuongea chakula niliongeza jiwe la hewa la pili, nikainua bomba la filta livuruge maji juu, nikaacha joto kwenye 25, nisilipandishe kwasababu maji ya moto yanashika oksijeni pungufu zaidi. Siku ya nne mashavu yakashuka 95. Hapo nikasema sawa, sasa ale.

Hakula.

Nilianza na kamba waliogandishwa, nikakata vipande vidogo. Vikapita mbele ya pua vikaanguka chini, hata jicho hakugeuza. Nikasaga kapenta kavu, wale dagaa, ikafanya maji kuwa mchuzi na harufu ikafika mpaka kwenye kiti cha wagonjwa, dokta hakufurahi. Nikaangua mayai ya artemia, vile vikamba vidogo sana vya maji ya chumvi, masaa 30 hivi kwenye chupa ya maji ya chumvi na hewa, wadogo wakaogelea kila mahali, akawaangalia, nikaona jicho linawafuata, nikafurahi, akageuka akarudi konani. Nikatafuta viluwiluwi vya mbu, vinachezacheza vizuri hata kwenye chumvi kwa muda, ila vinakaa juu ya maji na huyu juu haendi. Kitunguu saumu, ambacho kila mtu anakushauri, nilikichanganya nikijua tu ni kama sala. Dada wa mapokezi akauliza kama hatungempa bukari, yaani ugali. Nilicheka lakini siku ya saba nilikuwa karibu kujaribu.

Sasa ona nilichokuwa nafanya. Milo sita kwa siku ya vitu tofauti, kila mlo nasimama juu ya tanki na tochi kuangalia kama kala. Na tanki la karantini lenyewe, lita 100, vioo vitupu pande zote nne, nilikuwa nimeliweka mimi kwenye korido karibu na mlango wa eksrei, kwasababu pale ndo kuna plagi ya inveta na bila inveta hapa huwezi, delestaji, ule mgao wa umeme, ikipiga masaa sita pampu inazima na samaki anaondoka. Kwenye korido kila dakika mbili mtu anapita. Mtoto anagonga kioo. Mashine inanguruma. Mi nalaumu chakula!

Siku ya nane asubuhi nimefika mapema, mama anayesafisha alikuwa anamaliza kupiga deki. Huyu mama anaingia saa kumi na moja na nusu, kabla taa hazijawashwa. Akanikuta naangalia lile tanki kama mtu aliyefiwa, akasema:

"Papa, muko munasumbuka bure. Ile samaki inakulaka."

"Inakula nini, mama?"

"Sijue. Asubui kabisa, ikingali giza kidogo, inapigapiga mudomo kwa ile tiyo yenye kuwa na uchafu. Ile ya kona. Mukiwasha taa inaacha."

Nikainama. Kwenye karantini kulikuwa na vipande vinne vya bomba la PVC vya samaki kujificha, vitatu vipya vyeupe, na kona moja kuukuu, lile bomba la kupinda, niliyoitoa kwenye tanki la chini la filta kwasababu nilipungukiwa. Ile kona ilikuwa imeota utando, na kwenye utando kulikuwa na vile viminyoo vyeupe vilivyojikunja kama konokono, vidogo kama kichwa cha pini. Upande mmoja ulikuwa umesafishwa kabisa.

Nilikaa chini pale korido. Kipepeo huyu baharini hakimbizi chakula kwenye maji. Anafungua mdomo wake mwembamba, anaingiza kwenye ufa wa mwamba, ananyofoa: miguu ya urojorojo ya viumbe wa bahari wenye miiba, mikia na vishungi vya minyoo, vikamba vidogo, mayai ya samaki. Kazi yake ni ileile ya dokta, pinsi na tundu. Nilikuwa nalijua jambo hilo, nilishamweleza dokta kwa maneno hayohayo siku tunamchagua! Alafu nikampa chakula kinachoelea mchana kweupe mbele ya foleni ya wagonjwa.

Kwahiyo samaki hakuwa amegoma. Alikuwa anakula kidogo sana, kwa wizi, na ile bomba ilikuwa inaisha.

Siku hiyo tulihamisha tanki kwenda stoo, nikavuta waya wa inveta chini ya mlango. Vioo vitatu nikavifunika na mifuko myeusi, na upande wa mbele nikabandika gazeti lenye kadirisha kadogo ka kuchungulia. Tochi ikafungiwa kwenye sanduku. Taa ndogo, ya mbali. Kona zingine mbili za PVC nikazitoa kwenye tanki la chini la filta, zenye utando wake, na kipande cha matumbawe makavu chenye matundu. Nikaacha kumpa chochote siku nzima moja, jambo lililonitoa jasho kwasababu mgongo wake ukiuangalia kwa juu, pale nyuma ya kichwa, ulikuwa unaanza kuingia ndani. Tumbo kubonyea linarudi haraka, mgongo ukishakuwa kama kisu mara nyingi huwa tumechelewa.

Alafu nikaenda supamaketi mjini kununua kome waliogandishwa, wale wa nusu ganda wanaowekwa kwenye menyu za mahoteli. Bei yake sitaki hata kuikumbuka. Muuza samaki wa nje akaniona na ule mfuko mdogo akanishangaa, kwa pesa hiyo ningebeba samaki thomson za wiki. Nikayeyusha kome mmoja, nikamsuuza, nikamfunga na uzi wa meno wa dokta kwenye ile kona ya zamani, nyama ikiangalia nje, nikaomba mama ndo awe anaweka, saa kumi na moja na nusu, gizani, aweke alafu aondoke. Nilimwachia yeye kwasababu samaki alishamzoea, deki yake na mwendo wake.

Siku ya tisa hakugusa. Ya kumi mama akasema kalizunguka ganda. Siku ya 11 akanipigia mwenyewe, saa kumi na mbili kasoro, anacheka: "Papa, inavuta ile nyama kama mutoto anavuta nyonyo."

Baada ya hapo kazi ilikuwa kumtoa kwenye kome bila kumpoteza, kwasababu kome peke yake si chakula cha maisha, baadhi ya hawa wenye maganda wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na samaki anashiba huku anaharibika taratibu. Nilitengeneza mseto: kome, kamba, kidogo mwani mkavu wa kijapani, vitamini, nikashikanisha na gelatini ya keki, nikapaka kwenye matundu ya tumbawe kama mtu anaziba ukuta. Yeye anachomoa. Kila siku nikapunguza kome nikaongeza kamba. Baada ya wiki nikaanza kupuliza artemia waliokomaa, wa kugandisha, ndani ya yale matundu na bomba la sindano, polepole, wengine wanaponyoka wanaelea, na siku moja akafuata mmoja aliyeponyoka akamdaka katikati ya maji. Mara chache tu niliwahi kushangilia mpira kwa nguvu hiyo.

Kulisha mara tano kwa siku kwenye lita 100 si mchezo. Kilichobaki nakitoa ndani ya nusu saa, na maji nabadilisha robo kila siku ya pili, amonia ikionyesha rangi hata kidogo nabadilisha siku hiyo. Na huu ulikuwa mwezi wa saba, usiku baridi ya Lubumbashi inashuka chini ya 10. Hita ya wati 200 inveta haiibebi usiku kucha. Kwahiyo delestaji ikija jioni mlinzi anachemsha maji kwenye mbabula, lile jiko la makaa, anajaza chupa mbili za plastiki, anaziweka ndani ya tanki zimefungwa, na blanketi juu ya kioo. Tulipoteza nyuzi mbili usiku mbaya kuliko zote. Pampu ya hewa ya betri haikuzima hata mara moja, hiyo ndo nisingekubali izime.

Wiki ya tatu akaanza kujikuna kwenye mabomba na kutikisa kichwa. Minyoo bapa ya ngozi, vipepeo wanakujaga nayo sana. Niliwaza nimwache kwanza kwasababu ndo kaanza kula, alafu nikaona mashavu yanaanza kupanda tena. Maji matamu dakika tano, joto na pH vimelinganishwa na vya tanki lake, vikaanguka vidude vyeupe chini ya ndoo. Dawa iliyofuata haikuhitaji ndege: prazikwanteli, ile tembe ya bilharzia, kila famasia hapa inayo. Nikasaga, nikapima kwa mizani ya dokta, hewa nikaiacha juu kabisa. Siku mbili alikula nusu, ya tatu akarudi. Nilichopata kwenye hili ni kwamba angekuwa hajala bado, ile dawa ingemmaliza.

Kumwingiza tanki kubwa tulingoja wiki sita. Kangaja ndo alikuwa tatizo, yule ni mwenye nyumba, na ana wembe mkiani. Nikaweka boksi la plastiki angavu lenye matundu ndani ya tanki, kipepeo akakaa humo siku tano, kangaja akapiga boksi na mkia siku ya kwanza na ya pili, ya tatu akachoka. Siku ya kumfungua nikahamisha mawe matatu ili kangaja naye awe mgeni kidogo. Chakula kinatolewa sehemu mbili kwa wakati mmoja: mwani wa kangaja kushoto, na kulia tumbawe lenye mseto, matundu membamba ambayo mdomo wa kangaja hauingii.

Leo ni wiki ya kumi na moja. Mashavu 80, mgongo umejaa. Chakula cha vipande vikavu bado anakitema. Dokta juzi kaniuliza tena habari za Chelmon, nikamwambia aanze kwanza kuongea na mama wa saa kumi na moja na nusu kama ana nafasi.